Kusakinisha I2P kwenye kompyuta ya Linux: maswali tunayoulizwa sana

Kazi yangu hapa Nairobi ni kuwawekea watu Linux kwenye kompyuta za mezani, nyingi zikiwa zile za mtumba kutoka Ulaya zinazouzwa katikati ya jiji. Siku hizi, mtu akishazoea Linux, haichukui muda kabla hajauliza habari za I2P. Maswali huwa ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu ninayoyatoa mezani.

I2P ni nini kwa lugha ya kawaida?

Ni mtandao ulio ndani ya intaneti, wa rika kwa rika. Hauna kampuni iliyokaa katikati wala seva kuu. Kila aliyeiweka programu hiyo anakuwa msafiri na mbebaji kwa pamoja. Ujumbe wako unapita kwenye kompyuta za watu usiowajua, na wa kwao unapita kwako. Mbebaji anamjua aliyemkabidhi mzigo na yule atakayempa, basi. Hajui ulikoanzia wala unakoishia, na hawezi kuufungua ausome.

Njia unayopitia ujumbe huitwa handaki, na kwa kawaida handaki moja lina kompyuta tatu. La kutoka ni lake na la kuingia ni lake. Ukiomba ukurasa, ombi lako linapita kwenye tatu ulizochagua wewe na tatu alizochagua mwenye tovuti, na jibu linarudi kwa njia nyingine kabisa. Kila baada ya dakika 10 mahandaki hayo yanavunjwa na mapya yanachimbwa. Ujumbe kadhaa unaweza kufungwa katika furushi moja, kama punje za kitunguu saumu ndani ya ganda, na jina la mbinu hiyo, garlic routing, limetoka huko huko.

Mradi ulianza mwaka 2003. Programu ni huria, hailipiwi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Kwani VPN haitoshi? Na Tor je?

VPN inahamisha tu imani yako. Badala ya kampuni inayokuuzia intaneti kuona unakotembelea, anayeona ni mwenye VPN. Ikiwa unamwamini, sawa, lakini jueni kwamba mmempa mtu mmoja funguo zote.

Tor, mtandao mwingine wa kuficha unakotembelea, ni nzuri, na kwa mtu anayetaka kusoma tovuti za kawaida bila kufuatiliwa, mimi mwenyewe humwelekeza huko. I2P haikujengwa kwa ajili ya kutoka kwenda tovuti za kawaida. Ilijengwa ili watu wakutane humo humo ndani: tovuti zinazoishia na .i2p, barua, gumzo, kugawana mafaili. Anayeitafuta ili afungue mitandao ya kijamii ya kila siku atavunjika moyo, na hilo huwa namwambia kabla hatujagusa kibodi.

Wapo pia wanaouliza kuhusu Hyphanet, ambayo hadi mwaka 2023 iliitwa Freenet. Hiyo huhifadhi vipande vya mafaili ya watu wengine kwenye diski yako, vikiwa vimefungwa. I2P haihifadhi, inapitisha tu. Kwa mwenye diski ndogo, au asiyetaka kukaa na vitu asivyovijua, tofauti hiyo ni kubwa.

Je, ni kosa kisheria hapa Kenya?

Kuwa na programu si kosa. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inalinda faragha, na inayataja mawasiliano waziwazi. Kosa ni kitendo: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 haipotezi nguvu kwa sababu umepitia kwenye handaki. Ukimtishia mtu au ukimwibia, umetenda uhalifu kama ungeufanya kwenye SMS. Wengi wanaonijia ni watu wa kawaida wenye sababu za kawaida: mwandishi anayelinda chanzo chake, mama anayetaka kuuliza jambo la ugonjwa bila ukoo mzima kujua. Kazi hii naifanya kwa ajili yao.

Kompyuta yangu ni ya zamani. Itaweza?

Ikiwa na RAM ya GB 4, itaweza bila shida. Zipo aina mbili za programu. Ya kwanza imeandikwa kwa Java na ina kila kitu ndani: ukurasa wa kuiongoza, programu ya torenti, barua, hata seva ya tovuti yako. Ya pili ni i2pd, iliyoandikwa kwa C++, nyepesi sana lakini haina mapambo. Kwa mgeni napendekeza ya Java. Kwa kompyuta yenye GB 1 au 2, chukua i2pd. Usiwashe zote mbili kwa wakati mmoja, maana zote hutaka poti ile ile (mlango wenye namba ambao programu hupitishia mawasiliano), 4444, na moja itakataa kufanya kazi bila kukueleza vizuri sababu.

Naisakinisha vipi?

Kwenye Ubuntu au Linux Mint, fungua terminali uandike amri hizi moja baada ya nyingine:

sudo add-apt-repository ppa:i2p-maintainers/i2p
sudo apt update
sudo apt install i2p

Zikimalizika, washa rauta ya I2P kwa amri hii:

i2prouter start

Hii ya mwisho haihitaji sudo. Narudia kwa sababu watu wameshazoea kuweka sudo mbele ya kila kitu: usiendeshe I2P ukiwa na mamlaka ya msimamizi. Ukifanya hivyo, mafaili yake yatamilikiwa na root, yaani msimamizi, na kesho ukiiwasha kama kawaida itashindwa kuyaandika. Ukitaka ijiwashe yenyewe kila kompyuta inapowaka, andika sudo dpkg-reconfigure i2p kisha ukubali swali linaloulizwa.

Wenye Debian wana hazina yao kwenye deb.i2p.net, na maelezo ya kuiongeza yako hapo hapo. Wanaotaka i2pd hawana safari ndefu: sudo apt install i2pd, halafu sudo systemctl enable --now i2pd.

Baada ya hapo fungua kivinjari uende 127.0.0.1:7657. Huo ndio ukurasa wa kuongoza rauta yako, na hauonekani na mtu nje ya kompyuta hiyo. Kwa i2pd ni 127.0.0.1:7070. Ukurasa wa Java utakuuliza maswali machache na kujitolea kupima kasi ya intaneti yako. Kipimo hicho hufanywa na seva za M-Lab zilizo nje ya I2P, kwa hiyo kama hutaki, kiruke ujaze mwenyewe.

Neno moja kuhusu jina: ninaposema rauta ya I2P nina maana ya programu hii. Kile cha kuleta intaneti nyumbani nitakiita kisanduku cha Wi-Fi, tusichanganyikiwe.

Nimepewa faili ya kusakinisha kwenye flashi na rafiki. Niitumie?

Itumie tu baada ya kuihakiki. Kwenye terminali andika sha256sum, acha nafasi, kisha jina la faili. Utapata mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ulinganishe na ule ulioandikwa kwenye tovuti ya mradi, geti2p.net, ambayo uifungue kwa simu au kompyuta nyingine. Soma herufi zote hadi ya mwisho, usiishie nne za mwanzo. Zikitofautiana hata moja, futa faili hiyo. Programu ya kulinda siri ndiyo mtego mzuri kuliko yote kwa anayetaka siri zako, na flashi za mjini hupita mikono mingi.

Nimeiwasha lakini hakuna tovuti inayofunguka!

Umesubiri muda gani? Hapo ndipo ninapoanzia, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Rauta mpya haimjui mtu. Kwanza inaomba orodha ya wenzake kutoka kwa seva chache za kuanzia, halafu inawajaribu mmoja mmoja ili ijue nani ni mwepesi na nani hapatikani. Dakika tano za kwanza huwa tupu. Baada ya nusu saa tovuti zinaanza kufunguka kwa kusuasua. Ukiiacha usiku kucha, kesho yake utaona tofauti mwenyewe. Anayeiwasha dakika kumi na kuizima, kila siku, hutangatanga na I2P mbaya mwaka mzima.

Ikiwa umesubiri na bado, tazama saa. Sifanyi utani, tazama tarehe ya kompyuta yako. Nililetewa mashine ya mtumba ambayo mwenyewe alikuwa amehangaika nayo wiki mbili. Intaneti ilikuwepo, programu ilikuwepo, lakini ukurasa wa kuongoza ulionyesha wenzake sifuri. Tulipoandika date kwenye terminali, ilijibu mwaka 2009. Betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mama, aina ya CR2032, ilikuwa imekufa, na kila stima ilipopotea kompyuta ilisahau saa. Aliyemwekea Linux alikuwa pia amezima ulinganishaji wa saa kupitia intaneti.

Madhara yake yalikuwa mawili. Seva za kuanzia huzungumza kwa HTTPS, na cheti chao cha utambulisho kilichotolewa juzi, kwa kompyuta iliyoko 2009, ni cheti ambacho bado hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakikataa. Na hata ungewapata wenzio kwa njia nyingine, rauta za I2P hukataana saa zao zikitofautiana zaidi ya dakika moja hivi. Tulinunua betri mpya, tukaing'oa ya zamani kwa ncha ya bisibisi, tukaandika sudo timedatectl set-ntp true. Kabla chai haijapoa, wenzake walikuwa wamefika arobaini.

Ikiwa saa iko sawa na bado wenzako ni sifuri, huenda mtandao unaoutumia, wa ofisi au wa chuo, unazuia seva za kuanzia. Nenda 127.0.0.1:7657/configreseed. Hapo unaweza kuipa rauta faili ya kuanzia uliyoipakua kwingine.

Kivinjari nakiwekaje?

Usikigeuze kile unachotumia kwa benki na barua pepe. Kwenye Firefox andika about:profiles, tengeneza wasifu mpya, uupe jina utakalolikumbuka, na I2P iishi humo peke yake. Kwenye mipangilio ya mtandao ya wasifu huo chagua proksi ya kuweka kwa mkono: anwani 127.0.0.1, poti 4444, na uweke alama kwamba itumike kwa HTTPS pia.

Kisha ingia about:config ubadilishe mambo mawili. keyword.enabled iwe false. media.peerconnection.ice.proxy_only iwe true. La kwanza watu hulipuuza, na ndilo linalonisumbua zaidi. Bila hilo, ukiandika anwani ya .i2p, Firefox inaweza kudhani ni maneno ya kutafuta na kuyapeleka kwenye injini ya utafutaji, na ile siri uliyotoka kuisakinisha kwa saa nzima imetoka nje kwa sekunde moja. Jizoeze pia kuanza na http:// kila mara. Zima hali ya HTTPS pekee kwenye wasifu huo, kwa sababu tovuti nyingi za ndani hazina HTTPS. Handaki lenyewe ndilo linalofunga.

Jaribu kwa kufungua http://i2p-projekt.i2p. Ukikutana na ukurasa unaosema jina halipatikani, usiogope. Hakuna ofisi moja inayogawa majina humu. Kila rauta ina kitabu chake cha anwani, na ukurasa huo huo utakupa viungo vya huduma zinazojua majina mapya.

Ukurasa unaniandikia "Firewalled". Nimefungiwa?

Hapana. Maana yake ni kwamba wenzako hawawezi kuanza kukupigia hodi, lakini wewe unaweza kuwapigia. I2P itafanya kazi, ila itakuwa nzito kidogo.

Mwenye faiba nyumbani anaweza kuingia kwenye kisanduku cha Wi-Fi na kufungua poti ambayo rauta yake imejichagulia, kwa TCP na UDP. Namba iko 127.0.0.1:7657/confignet. Kabla ya kuhangaika, angalia anwani ya IP ambayo kisanduku chenyewe kimepewa. Ikianza na 10, au iko kati ya 100.64 na 100.127, basi mnagawana anwani moja ya nje na wateja wengine wengi, na poti utakayofungua nyumbani haitafika popote. Iache ilivyo. Wenye intaneti ya simu mara nyingi wako hivyo hivyo.

Itanila bando kiasi gani?

Hili ndilo swali la Nairobi, na nitalijibu kwa hesabu.

Rauta inapima kwa kilobaiti kwa sekunde. Siku ina sekunde 86,400. Ukiruhusu KB 64 kwa sekunde, na zitumike zote mchana na usiku, ni takriban GB 5.5 kwa siku kwa upande mmoja. Na mzigo wa mwenzio unaoupokea ni lazima uutume tena, kwa hiyo hesabu mara mbili: GB 11. Kwa kawaida haitafika kileleni hivyo, ila kwa anayenunua bando la simu, hata nusu yake ni hasara. Kwa huyo nashauri aiwashe tu akiwa na kazi nayo, aweke kiwango cha chini, na asijilaumu.

Mwenye faiba ya kulipia kwa mwezi hana kisingizio. Lakini awe macho na vipimo. Kampuni za faiba huuza kwa megabiti, I2P huhesabu kwa kilobaiti. Gawanya kwa nane: faiba ya Mbps 10 ni kama KB 1,250 kwa sekunde. Kijana mmoja wa mtaa wa Umoja alikuwa na Mbps 10 akaandika 10 kwenye mipangilio ya kasi ya I2P, akanilalamikia kwamba mtandao huu ni konokono. Alikuwa amejipa KB 10. Rauta inayogawa chini ya KB 12 huwa haibebeshwi mizigo ya wengine kabisa. Tulipobadilisha ikawa 400, alinipigia simu usiku kunishukuru.

Kwa nini nibebe mizigo ya watu nisiowajua?

Kwa sababu mizigo hiyo ndiyo inayokuficha. Kama kompyuta yako ingetuma ujumbe wako tu, kila kinachotoka kingejulikana ni chako. Ukibeba vya watu mia, chako kinapotea katikati yao. Ni kama chama cha kina mama mtaani: anayekuja zamu yake ya kupokea tu na kutoweka siku za kuchanga, chama hakimfai naye hakifiki mbali.

Nizime vipi?

Kwenye ukurasa wa kuongoza bonyeza "Shutdown" uiache. Itasubiri hadi mahandaki unayoyabebea wengine yaishe, yaani dakika 10 au 11, halafu itajizima. Ukichomoa waya ghafla kompyuta yako haitaharibika kwa sababu ya I2P, ila umewakata watu katikati ya sentensi. Wenye UPS ndogo, hapo inawafaa.

Nataka kuweka tovuti yangu humo ndani.

Ni rahisi. Kurasa zako uziweke kwenye folda ya ~/.i2p/eepsite/docroot, uzitazame kwa 127.0.0.1:7658, na ukiridhika uwashe handaki la tovuti kwenye sehemu ya mahandaki. Ikiwa I2P yako inajiwasha yenyewe kama huduma, folda hiyo iko chini ya /var/lib/i2p.

Lakini kaa chini kwanza ufikirie stima. Tovuti iliyo kwenye kompyuta ya sebuleni huzimika stima inapopotea mtaani. Kenya Power hutangaza mapema maeneo yatakayokatiwa umeme kwa matengenezo, na saa zake. Mtu mwenye subira anayeichungulia tovuti yako kila dakika tano anaweza kuandika saa inazopotea, akalinganisha na matangazo hayo, na baada ya miezi kadhaa akabaki na mitaa miwili au mitatu tu. Hakuvunja usimbaji wowote, alisoma ratiba. Kwa anayejificha kwa jambo zito, tovuti isiishi Nairobi anapoishi yeye. Na maandishi yako nayo yana sauti: Sheng ya mtaa fulani, jina la stendi, utani wa shule fulani, vyote vinakutaja.

Anayeniuzia intaneti ataona nini?

Ataona kwamba una mazungumzo yaliyofungwa na kompyuta nyingi duniani, na akitaka kujua ataweza kutambua kwamba ni I2P. Anwani yako ya IP iko kwenye orodha ya washiriki, kwa sababu bila hivyo wenzako hawangekupata. Kinachofichwa ni unachofanya na unayezungumza naye.

Serikali au hitilafu ikikata intaneti, I2P itaendelea?

Haitaendelea. Inapanda juu ya intaneti hii hii. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, I2P ilikuwa nzito kama kila kitu kingine. Ikizuiwa programu moja tu, kama ilivyotokea kwa Telegram wakati wa mitihani ya kidato cha nne, KCSE, ya Novemba 2023, hapo watu wa ndani ya I2P wanaendelea kuzungumza wao kwa wao, ila haitakurudishia Telegram yenyewe.

Nimeshindwana nayo. Naiondoaje?

sudo apt purge i2p, kisha ufute folda ya ~/.i2p. Ila kama uliwahi kuwa na tovuti, kwanza nakili faili iitwayo eepPriv.dat iliyo ndani ya folda ya eepsite, uiweke kwenye flashi yako mwenyewe. Anwani ya tovuti yako imetokana na ufunguo huo. Ukiufuta, hakuna ofisi ya kwenda kuulizia mwingine, na wasomaji wako watabaki wanagonga mlango ambao hata wewe huwezi kuufungua.